Pepo Bubu Alikuwa na Mizizi

Bwana asifiwe, watu wa Magunga! Na asifiwe tena na walioketi nyuma karibu na mlango, maana mimi huwa nakaa huko na nawajua: ni watu wa kunong'ona.

Ndugu zangu, mkiniona nimesimama hapa mbele, jueni Mungu ametenda. Mimi ni mtu wa nyumbani. Naishi nje kidogo ya mji wa Rongo, upande wa Migori, na kazi yangu ni kushona sare za shule kwenye veranda yangu mwenyewe. Mke wangu ndiye anayetoka. Anauza nguo sokoni, anajua bei, anajua habari, anajua nani amegombana na nani. Mimi najua kuku wangu. Kwenda tu mjini kununua uzi, nahitaji siku ya kujiandaa na siku ya kupumzika. Kwa hiyo mama yangu, huyu ambaye watoto wote hapa wanamwita Dani, yaani nyanya, aliposikia nimekubali kutoa ushuhuda aliuliza kama nina malaria.

Sina malaria. Nimekuja kushukuru kwa ajili ya binti yangu Adhiambo, yule pale benchi ya kwanza. Adhiambo, usijifiche nyuma ya Dani. Wewe ndiye mwenye habari, mimi ni msemaji tu.

Wengi wenu mlikuwepo mwezi wa nane mlipomwombea. Leo nataka niwaambie jambo lilivyoanza, na yale ambayo hamkuyaona baada ya sisi kutoka kwenye mlango ule.

Ndugu zangu, Adhiambo alikuwa mtoto wa maneno. Akitoka shuleni alikaa kwenye gunia la vipande vya vitambaa kando ya cherehani yangu, na kuanzia hapo ni habari. Nani amelia. Nani amekula chakula cha nani. Kisigino cha kiatu cha mwalimu kimevunjika na mwalimu amejifanya hakijavunjika. Mimi nilikuwa nashona huku nikiitikia "eeh," na ole wangu niitikie mahali pasipofaa. Alikuwa anaweka mkono kwenye gurudumu la cherehani, mashine inasimama, na hadithi inaanza upya kutoka mwanzo, kwa faida yangu.

Meno yake ya mbele ya juu yalianza kuwa ya kahawia akiwa mdogo sana. Tuliyaona. Lakini nyinyi mnatujua. Kwetu jino la utoto si jino, ni mpita njia. Litang'oka, mtoto atalitupa juu ya paa, litaota lingine. Nani anapeleka hospitalini kitu ambacho kitaanguka chenyewe? Basi yaliendelea kuoza mpaka yakabaki vigutu, na sisi tukaendelea kumpa chai ya sukari, maana ndivyo tunavyopenda watoto kule kwetu. Mtoto akilia, chai. Akilala, chai kwenye chupa. Miwa imetuzunguka pande zote, mtu angefikiri tunalipwa ili tuimalize.

Sasa sikilizeni jinsi neno moja lilivyotupoteza.

Mwalimu wake ni mgeni kwetu, anatoka Machakos, Kijaluo hajui. Siku moja alimwambia jirani yetu Mama Ochieng, ambaye huwapitia watoto wetu shuleni, kwamba mdomo wa Adhiambo si mzuri, wazazi wauangalie. Mama Ochieng aliubeba ujumbe huo bila kumwaga hata tone. Alipofika uani kwetu akautua kwa Kijaluo: "Dhoge rach. Mwalimu amesema muangalie." Akaenda zake kupika.

Wenye lugha mmeshaanza kucheka. Kwa wageni wetu, walimu na wauguzi mliotoka kwingine, niwaeleze. Dhok ni mdomo. Lakini dhok pia ni usemi, ni lugha ya mtu. Ukisema "dhoge rach," mdomo wake ni mbaya, unaweza kuwa unasema mtu huyu anaumwa mdomo. Unaweza pia kuwa unasema mtu huyu ana matusi. Sisi tulisikia matusi.

Mke wangu akanigeukia. "Ametoa wapi matusi?" akauliza. "Mimi mchana siko."

Nikamwambia mimi hutukana kuku peke yao, na hata hao kwa heshima.

"Basi ni kuku walimfundisha," akasema, akaingia jikoni.

Nilimketisha Adhiambo nikampa hotuba, ile ya mtu aliyemaliza kidato cha nne na hajapata mahali pengine pa kutumia elimu yake. Nilisema juu ya ulimi, juu ya heshima, juu ya jina la ukoo. Yeye alikuwa ananitazama tu na mkono mdomoni. Mwishoni nikamwambia, "Ukiwa shule, funga mdomo." Akaitikia kwa kichwa. Ndugu zangu, maisha yangu yote sijawahi kutiiwa namna ile.

Alifunga shuleni. Akafunga njiani. Akafunga na nyumbani.

Alirudi akakaa kwenye gunia lake kama kawaida, akatazama sindano ikipanda na kushuka, kimya. Nikafikiri amechoka. Kesho yake vilevile, na wiki ile ikaisha vilevile. Ukimuuliza kitu, anajibu kwa kichwa. Kukitokea la kuchekesha, mkono unafika mdomoni kabla ya kicheko. Nilianza kumchokoza ili anisahihishe. Nilimwambia nimesikia mwalimu wake ameolewa na mwenye posho mill ya kusaga unga. Zamani angesimamisha cherehani kwa mikono yote miwili. Alitazama chini tu.

Nilidhani mtu wa nyumbani hupenda kimya. Kumbe nilipenda kimya cha watu wengine. Bila yule mtoto nilishona suruali ya mvulana wa watu ikawa na miguu miwili ya kulia, na nikaipiga pasi, na nikaikunja, na mwenyewe ndiye aliyegundua nyumbani kwake.

Majirani wakaanza kusema. Huyu akasema ni woga, yule akasema ni damu ya upande wa mama, na upande wa mama ukasema yao. Mama Ochieng, yule wa ujumbe, ndiye aliyelitaja jina: pepo bubu. Alilisema polepole, kwa huruma, na likaingia nyumbani kwetu likakaa. Mke wangu, ambaye haogopi hata askari wa kaunti sokoni, aliketi kwenye gunia la Adhiambo akalia. Aliniambia, "Baba Adhiambo, nataka tu anipigie kelele tena. Mpeleke kwa mama yako. Magunga kuna watu wa maombi."

Shule zilipofungwa nikafunga cherehani kwa kitambaa, nikawaaga kuku, nikaja. Mjue ilikuwa ni mambo mazito mpaka mimi nivuke kaunti.

Mkatupokea. Sitasahau. Mlitupanga hapa mbele, mimi, Adhiambo na Dani wake, na Mama Nereah akaja kuongoza maombi. Mama Nereah, usiniangalie hivyo, nitasema mema tu. Wote tunaijua mikono ya Mama Nereah. Ni mikono ya kusonga ugali wa harusi. Aliomba mpaka jasho likamtoka, akalikemea lile pepo kwa Kijaluo, akalikemea kwa Kiswahili ili lisipate mahali pa kujificha, halafu akamshika Adhiambo mashavu yote mawili na kuyafinya kwa imani yake yote.

Na mtoto akapiga ukelele. "Jino!"

Mnakumbuka kilichotokea. Mtoto aliyekaa miezi bila kusema amesema. Kanisa zima likasimama. Huku haleluya, kule vigelegele, mwenye ngoma akaikamata ngoma. Mimi mwenyewe niliruka, na mimi si mtu wa kuruka. Mama Nereah akainua mikono akatangaza kwamba limetoka.

Ni Dani peke yake aliyekuwa hajainuka. Alikuwa amemkumbatia Adhiambo, na Adhiambo alikuwa ameshika shavu la kushoto analia machozi ya maumivu. Mama yangu akasema, kwa ile sauti yake ya kuagiza chumvi, "Halijatoka. Bado liko ndani, upande wa kushoto."

Ngoma ikanyamaza. Dani akamwambia mtoto apanue. Akapeleka pua karibu, akarudisha kichwa nyuma kidogo, akanigeukia. "Nyathini dhoge rach," akasema. Mtoto huyu mdomo wake ni mbaya.

Ndugu zangu, maneno ni yale yale! Yale yale ya Mama Ochieng pale uani. Lakini mara hii yalisemwa na mtu aliyeangalia ndani. Hapo ndipo nilipomsikia yule mwalimu wa Machakos kwa mara ya kwanza, kana kwamba amesimama mbele yangu. Mdomo wake si mzuri, muuangalie. Aliomba tuangalie. Sisi tukaufunga.

Asubuhi yake tukaenda hospitali ya serikali pale Homa Bay, mimi, mtoto na Dani. Daktari wa meno alikuwa dada mdogo tu, mcheshi, na hakuniuliza mimi kitu. Alimwinamia Adhiambo akampa kioo kidogo chenye mkono akishike mwenyewe, akamwomba amwonyeshe lile linalomsumbua zaidi. Ni gego la chini, kushoto. Limetoboka katikati na ufizi umevimba una usaha. Halafu vile vigutu vya mbele, vinne.

Ndipo akamuuliza kwa nini haongei. Nikafungua mdomo nijibu, Dani akanikanyaga. Adhiambo akasema nyuma ya kiganja chake, nami namnukuu jinsi alivyosema: "Mwalimu aliambia kila mtu ataje jina. Nikasema yangu, wakacheka. Nikaja nyumbani, Baba akaniambia nifunge."

Jina lake ni Adhiambo. Hebu litajeni polepole. Mnasikia ulimi unavyokwenda kutafuta meno ya juu pale katikati? Wake ulikwenda ukakosa mahali pa kugusa. Alikuwa anasema "Aliambo." Darasa zima likamfanya wimbo. Mtoto wa miaka sita hawezi kutaja jina lake mwenyewe, na baba yake yuko kwenye veranda anamhubiria juu ya matusi.

Daktari naye hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Alinieleza tu. "Baba, haya meno ya utoto ndiyo anayotumia saa hii. Anakula nayo, anatamka nayo, na yanashikia yale mengine nafasi. Yakiuma, hali vizuri. Yakioza yakionekana, anaona aibu." Akamtazama Adhiambo, ambaye alikuwa ameinamisha macho. "Na mtoto akiona aibu anaanza kuongea na meza. Akizoea meza, hata meno mapya yakija ataendelea kuongea na meza. Mimi nitatoa haya mabovu. Hiyo ingine ni kazi yenu."

Alipochukua sindano ya ganzi, mimi nilikaa chini. Sikuamua, miguu ndiyo iliamua. Muuguzi aliniletea maji. Dani aliwaambia watu wote waliokuwa kwenye foleni kwamba mgonjwa ni yule mdogo, wasichanganyikiwe. Na gego likatoka. Daktari alilishika tuone: lilikuwa na mizizi mirefu imeachana kama miguu ya kigoda, na kwenye ncha moja kuna usaha. Nililitazama lile pepo. Halikuwa kubwa. Lakini lilikuwa limekaa ndani ya mtoto wangu likimpiga kila alipofungua mdomo. Vile vigutu vya mbele navyo vikafuata.

Maumivu yakaisha baada ya siku chache. Nikangoja kelele. Hazikuja.

Hapa ndipo imani yangu ilipotaka kuniacha, nawaambia ukweli. Usiku analala vizuri, anakula mpaka samaki, lakini haneni. Sasa mbele kulikuwa na pengo tupu, na mkono haukutoka mdomoni. Nilitembea tembea uani kwa mama nikimuuliza Mungu kwa nini ametupa nusu. Nilikuwa naona maisha yake yote mbele, msichana mkubwa, mama wa watu, anaongea na meza.

Mungu hakunijibu mimi. Alimtumia mama yangu, ambaye sidhani hata alijua ametumwa.

Mnaomjua Dani mnajua hana meno sita ya mbele ya chini. Yeye ni wa wale wa mwisho mwisho waliong'olewa wakiwa wasichana, kwa desturi ya wazee wetu, ili mtu ahesabiwe amekua. Na mnajua pia Kiswahili chake. Shamba kwake ni "samba" na shati ni "sati." Jioni moja nilikuwa mlangoni napindia gauni lake, wao wawili wanachambua omena, dagaa wa ziwa letu. Dani akasema likizo inaisha, Adhiambo atarudi sule.

Omena ikachambuliwa.

Dani akaendelea. Akasema sule ya siku hizi ni nzuri. Walimu wa sule ni wengi. Yeye angesoma sule, leo angekuwa daktari. Kila mara anaisema kwa nguvu, sule, sule, na mimi namwona mtoto anavyohangaika, kama mtu anayewashwa mahali asipofikia. Mwisho akashindwa. Mkono ukashuka mpaka kwenye ungo wa omena.

"Dani, si sule. Ni shule."

Pengo likapiga filimbi pale kwenye sh, filimbi ya kweli, kuku wa mama wakainua vichwa.

"Ndiyo nimesema. Sule," akajibu Dani.

"Shule."

"Wewe unapiga firimbi, hujasema kitu. Haya, wewe msomi, sema Adhiambo."

Niliacha sindano hewani. Mtoto alitazama chini. Kisha akamtazama nyanya yake usoni. "Aliambo."

Mama yangu alicheka mpaka nikaliona pengo lake lote. Na Adhiambo, badala ya kujificha, akalitazama lile pengo kwa makini kama ndiyo kwanza analiona. Dani akamvuta karibu. "Wewe huna ya juu, mimi sina ya chini," akamwambia. "Tukiungana tunapata mdomo moja mzuri."

Ndugu zangu, walicheka wote wawili, na ule mkono haukupanda. Mpaka leo sijui kama mama yangu anakosea "shule" kwa bahati mbaya. Nimemuuliza. Anasema nishone gauni.

Likizo yote iliyobaki walishinda wakibishana. Nilirudi Rongo na mtoto anayezungumza nyumbani. Lakini nyumbani ni nyumbani, mimi najua hilo kuliko mtu yeyote. Shuleni bado alikuwa akijibu kwa kichwa. Mwalimu wake alimsubiri kwa upole, tulikwenda kumwona na safari hii tulizungumza naye wenyewe bila mjumbe. Na Jumapili ya watoto ikafika kanisani kwetu.

Kila mtoto alipangiwa kusimama mbele, kusalimu kanisa, kutaja jina lake na kusema anamshukuru Mungu kwa nini. Tulimwambia si lazima. Akasema atakwenda. Mimi nilikuwa kiti changu cha nyuma, mke wangu ananiminya kidole, na kanisani kumejaa watoto wa darasa lake. Akafika mbele ya meza ya kanisa. Akaanza na jina, na sauti ikamtoka ndogo: "Naitwa Aliambo."

Mtoto mmoja akacheka, halafu watatu. Na nikaona macho yakishuka. Yakafika kwenye meza, yakakaa hapo. Kile kile alichosema daktari. Mke wangu akaniacha kidole, akafumba macho. Mimi sikuweza hata kuomba. Nilisema tu moyoni, Bwana, yule ni wangu.

Sijui alikaa pale muda gani. Najua aliinua kichwa, akawatazama wale watoto waliocheka, bila hasira, kama mtu anayefafanua jambo kwa wasiojua.

"Naitwa Aliambo kwa sasa," akasema. "Ile ingine inakuja na meno."

Kanisa likacheka, ndugu zangu, lakini si kile kicheko cha darasani. Ni kicheko cha watu waliomsogelea. Na yeye akacheka nao, mdomo wazi, pengo lote hadharani. Akasalimu: "Bwana asipiwe." Na watu wale, wazee kwa watoto, wakajibu amina ambayo niliisikia kwenye mbavu. Hakuishia hapo. Alitoa shukrani kwa Dani, kwa daktari, kwa omena, akaeleza habari za kisigino cha mwalimu, na mwalimu yuko pale pale. Mzee wa kanisa ilibidi amshike mkono amrudishe kitini.

Sasa mawili ya mbele yameanza kuchomoza, yana kingo za msumeno kama kisu cha mkate. Anapiga mswaki mwenyewe asubuhi na kabla ya kulala, na mimi nasimama nyuma yake kama askari. Chai yetu siku hizi haina mapenzi mengi hivyo.

Wako watakaosema hilo lilikuwa jambo la hospitali tu, pepo hakuwepo, kwa hiyo maombi yalikuwa ya bure. Nawajibu hivi. Ni hospitali, naam, na namshukuru Mungu kwa yule dada wa Homa Bay. Lakini mimi baba yake nilikaa na mtoto huyo miezi kwenye veranda moja na sikumgusa shavu. Mama Nereah aliligusa kwa jina la Yesu, na ugonjwa ukajulikana siku hiyo hiyo. Mama Nereah, maombi yako yalijibiwa. Ni vile tu Bwana alijibu kupitia vidole vyako. Ahsante, mama. Na ukipumzika kidogo kufinya, tutashukuru pia.

Ndugu zangu wapendwa, huenda kuna mtoto wako hapa amekuwa mpole ghafla, na unasifiwa kwamba ana adabu. Huenda anatafuna upande mmoja. Huenda anacheka na mkono. Usiogope, na usione haya kuja mbele, maana hakuna aliyechelewa kama mimi na bado Mungu alinisubiri. Yeye aliyeuumba mdomo hachukii tukimletea ulivyo, na harufu yake yote.

Mchungaji ameniomba nifunge kwa maombi. Nitafunga. Lakini kabla hatujafumba macho, kila mzazi amgeukie mtoto aliye karibu naye. Ndiyo, hapa hapa kanisani, na nyinyi wa karibu na mlango pia. Mwambieni apanue mdomo. Tuangalie kwanza, halafu tuombe.